Gitaa la Kitinda (SIRI, mwenyewe asiongezwe)

IJUMAA

Shangazi Mkubwa, saa 12:40 asubuhi
Mmeamkaje wote. Nimefungua kikundi hiki kwa jambo moja. Kitinda amemaliza mitihani, na huu mwaka wa nne anapiga gitaa la kuazima. Tumchangie lake. Tena gitaa kavu la maana, siyo la kubahatisha. Nimeuliza wanaojua, wameniambia la kampuni ya Martin, aina ya D-28.
[Picha]

Shangazi Mkubwa, saa 12:43
Bei nimeigawanya. Kila mtu nimemtumia kiasi chake pembeni. Mwisho Jumapili jioni.

Shangazi Mkubwa, saa 2:15
Nawaona mmesoma. Wanane.

Baba Pacha, saa 3:02
Shikamoo dada. Nimeona kiasi changu, nikadhani umeongeza sifuri.

Shangazi Mkubwa, saa 3:02
Marahaba. Sijaongeza.

Baba Pacha, saa 3:10
Basi ngoja niulize. Nimeangalia Yamaha FG800. Nyuzi sita, tundu moja, shingo moja. Kwa bei ya hilo lako nanunua kumi na chenji inabaki. Hizo nyuzi sita za Martin zinafanya nini cha ziada?

Mama Mdogo, saa 3:11
Labda zinapika na kuosha vyombo 😂

Baba Pacha, saa 3:13
Halafu yule hata hilo la kuazima analishika kinyume.

Mama Mdogo, saa 3:13
Analishika kinyume na bado anatuliza. Mnaikumbuka siku ile ya taa kuzimika?

Baba Pacha, saa 3:14
Usinikumbushe. Nililia mbele ya wakwe.

Shangazi Mkubwa, saa 3:20
Mnaona sasa! Mtoto ana kipaji. Tusitoke nje ya mada. Fundi uko wapi?

Fundi, saa 7:25 mchana
Shikamooni. Nilikuwa kazini, nimesoma ya juu haraka haraka. Baba Pacha, uzi wenyewe una sauti ndogo sana. Anayeimba ni ubao wa mbele, tunauita uso. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta kama kilo 70. Uso ukiwa mnene unahimili lakini sauti inafia ndani. Ukiwa mwembamba unaimba, ila unaweza kuvimba au kupasuka. Kuupatia hapo katikati, pamoja na zile fito za ndani zilizopishana kama herufi X, hiyo ndiyo kazi unayoilipia.

Fundi, saa 7:29
Martin wapo tangu 1833, na D-28 wanaitengeneza tangu 1931. Uso ni sprusi, mgongo na mbavu rozwudi, zote mbao tupu. Yaani ni ubao wenyewe uliopasuliwa, siyo tabaka zilizobandikwa kwa gundi kama plaiwudi.

Shangazi Mkubwa, saa 7:30
Asante mwanangu. Mmesikia? MBAO TUPU.

Fundi, saa 7:33
Sijamaliza Shangazi. Hiyo FG800 nayo uso wake ni sprusi tupu. Mgongo na mbavu ndiyo za tabaka.

Baba Pacha, saa 7:33
Rudia hapo Fundi, dada asome polepole.

Fundi, saa 7:41
Na kuna jaribio lilifanywa chuo kikuu cha Lancaster, Uingereza. Magitaa sita, umbo moja, tofauti ni mbao za mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 wakavalishwa miwani ya kuchomelea vyuma wasione rangi ya mbao, wakapiga moja moja wakatoa alama. Rozwudi ya Brazili, ambayo ndiyo ghali na adimu kuliko zote pale, haikuonekana bora kuliko mahogani. Alama zilikaribiana mno.

Mama Mdogo, saa 7:42
Miwani ya kuchomelea! Si kaka yangu anayo 😂😂

Mjomba, saa 7:44
Ninazo mbili.

Mama Mdogo, saa 7:44
Moja tumvalishe Shangazi, tumpe gitaa la kuazima tumwambie ndiyo Martin.

Baba Pacha, saa 7:45
Ya pili avae mwenye duka wakati wa kuhesabu pesa

Binamu wa Chuo, saa 7:46
😂😂😂😂

Shangazi Mkubwa, saa 7:52
Wewe Binamu tangu asubuhi kimya, umeamka kwa ajili ya kucheka. Kiasi chako umekiona?

Shangazi Mkubwa, saa 7:58
Shemeji na wewe umekiona chako?

Mjomba, saa 8:20
Nimekiona shemeji. Nauliza tu, likishanunuliwa litakaa wapi?

Shangazi Mkubwa, saa 8:21
Litakaa kwa mwenyewe. Na halitaazimwa na mtu.

Mama Mdogo, saa 8:22
Hapo kuna mtu anasemwa.

Mjomba, saa 8:26
Shemeji sema wazi.

Shangazi Mkubwa, saa 8:30
Sijataja mtu. Nasema tu gitaa la Baba liliondoka nyumbani zima, likarudi daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limebanduka. Hatukuambiwa kitu. Likaegeshwa mlangoni kama fagio.

Mjomba, saa 8:33
Miaka yote hii. Kila jambo la familia hii linaishia kwenye lile daraja. Nilisema siku ile na leo narudia, SIKULIANGUSHA.

Fundi, saa 8:37
Kwa kweli Shangazi, daraja linaweza kubanduka bila gitaa kuanguka. Ukiliacha kwenye gari lililofungwa juani gundi inalainika, na zile kilo 70 zinaling'oa taratibu.

Shangazi Mkubwa, saa 8:38
Kwa hiyo lilikaa kwenye gari.

Mjomba, saa 8:40
Ujumbe huu umefutwa

Fundi, saa 8:47
Sikuwa na maana hiyo Mjomba, nisamehe. Nilitaka kueleza ya gundi tu.

Shangazi Mkubwa, saa 10:15 jioni
Sawa. Mimi niseme kilicho moyoni halafu muamue. Kitinda tangu azaliwe anavaa vya wakubwa zake. Viatu, sare, begi, hadi simu. Hajawahi kulalamika. Mwezi uliopita nilimkuta anapiga peke yake, uzi mmoja umekatika, anauruka huo uzi na wimbo hauharibiki. Nilisimama nje nisimkatishe. Nataka mara moja tu apewe kitu kipya, cha daraja la juu, chenye jina lake. Ndiyo maana sitaki hayo kumi kwa bei ya moja.

Mama Mdogo, saa 10:31
🙏

Baba Pacha, saa 10:50
Nimekuelewa dada. Bado ni ghali, lakini nimekuelewa.

Fundi, saa 11:20
Shangazi, hapo sina ubishi. Neno langu ni dogo. Kutoka gitaa bovu kwenda gitaa zuri, tofauti anaisikia hata mpita njia. Kutoka zuri kwenda la juu kabisa, bei inapanda mara nyingi, tofauti anaisikia mpigaji mwenyewe usiku kukiwa kimya. Ipo, siikatai. Ila kuna mengine ya kuangalia kabla ya jina. Hiyo D ni ya Dreadnought, jina walilichukua kwa manowari ya Uingereza ya 1906 kwa ukubwa wake. Lile tumbo ni pana. Kitinda ni mdogo wa umbo, siku hizi sijui.

Shangazi Mkubwa, saa 11:22
Atakua.

Fundi, saa 11:23
Shangazi ana miaka ishirini na mbili.

Babu, saa 3:05 usiku
Nimesoma yote.

Babu, saa 3:11
Habari ya gitaa langu ilikwisha. Isiandikwe tena humu.

Babu, saa 3:19
Mnamnunulia mtu kitu cha kukumbatia kifuani kila siku, na hakuna aliyemuuliza kifua chake. Gitaa halinunuliwi kwa picha. Mtoto alishike kwanza. Asipolishika, mimi simo.

JUMAMOSI

Mama Mdogo, saa 12:30 asubuhi
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Baba Pacha, saa 12:34
Shikamoo Baba. Sawa.

Mjomba, saa 12:50
Shikamoo mzee.

Shangazi Mkubwa, saa 1:40
Shikamoo Baba. Atalishika. Lakini mimi nataka siri ibaki. Nimepanga hivi: Baba Pacha utampeleka Kitinda dukani Jumatatu, umwambie unataka msaada wa kuchagua la kununulia pacha. Akishika, unaangalia uso wake.

Baba Pacha, saa 1:44
Dada mimi sijui kudanganya. Nitacheka mlangoni.

Mama Mdogo, saa 1:45
Avae ile miwani

Shangazi Mkubwa, saa 1:46
HAPANA.

Fundi, saa 6:10 mchana
Naomba Baba Pacha usome hii taratibu.

Usimpe moja. Mwombe mwenye duka atoe matatu manne, la umbo pana na la umbo dogo, Martin kwa Martin wanaita 000. Na moja liwe la bei ya kati lenye uso wa mbao tupu, la kampuni yoyote. Angalia nyuzi zimekaa juu kiasi gani kutoka kwenye shingo. Gitaa zuri sana likiwa na nyuzi za juu linaumiza vidole na mtu analitupa pembeni, kumbe fundi angelirekebisha siku hiyo hiyo. Apige kila freti (vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo), uzi kwa uzi, usikie kama kuna inayokoroma. Kisha Kitinda akae mbele, mtu mwingine apige. Sauti ya gitaa inakwenda mbele, mpigaji mwenyewe haipati yote.

Fundi, saa 6:14
Na jina la Martin kichwani peke yake halitoshi. Kuna toleo la X, wanalitengeneza Meksiko. Mgongo na mbavu zake ni karatasi zilizoshindiliwa kwa gundi, na zimechapwa picha ya mbao juu. Ni gitaa gumu, linavumilia safari, na bei yake ni nafuu. Ila siyo D-28, mtu asiwauzie moja kwa bei ya nyingine. Na bandia zipo zenye jina hilo hilo.

Baba Pacha, saa 6:20
La mtumba je? Nimeona moja, bei nusu.

Fundi, saa 6:27
Linaweza kuwa zuri kuliko jipya. Lakini dhamana ya Martin ni ya mnunuzi wa kwanza, haihami. Na angalia shingo: ikianza kuinuka, kuifungua na kuiweka upya ni kazi ya fundi mkubwa, siyo mimi.

Shangazi Mkubwa, saa 6:28
Nimesema KIPYA.

Fundi, saa 6:35
Sawa Shangazi. Basi pesa zote zisiishie kwenye gitaa. Bakizeni za kasha gumu, za fundi kuliweka sawa, za nyuzi za akiba, na kile kipimo kidogo cha unyevu. Mbao tupu inapumua. Inataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, ukishuka sana uso unapasuka. La plaiwudi linavumilia uzembe, hili halivumilii. Ningekuwa mimi, ningechukua la bei ya kati na hayo yote, kuliko Martin tupu lisilo na kasha.

Shangazi Mkubwa, saa 6:36
Na ukiwa na pesa ya yote?

Fundi, saa 6:41
Nikiwa nayo, na mikono kama ya Kitinda, nanunua Martin leo. Ningezikwa nalo.

Shangazi Mkubwa, saa 6:41
AHSANTE.

Baba Pacha, saa 6:43
Mimi natoa nusu ya kiasi changu sasa. Nusu nyingine nikishaona uso wa mtoto dukani.

Binamu wa Chuo, saa 5:50 usiku
Nipo wanafamilia, nitatoa mwisho wa mwezi

JUMAPILI

Mjomba, saa 11:15 alfajiri
[Picha ya risiti]

Shangazi Mkubwa, saa 12:20 asubuhi
Shemeji umezidisha. Ni mara mbili.

Mjomba, saa 12:24
Sijazidisha.

Shangazi Mkubwa, saa 12:40
Asante sana shemeji.

Shangazi Mkubwa, saa 11:00 jioni
Hesabu ya leo. Mjomba kamili na zaidi. Mama Mdogo kamili. Fundi kamili. Baba Pacha nusu. Babu anasubiri. Binamu mwisho wa mwezi. Wawili hawajajibu, wanajijua. Mama Kitinda wifi yangu, na wewe hujasema lolote tangu Ijumaa.

Mama Kitinda, saa 2:48 usiku
Wifi habari za leo, samahanini wote. Simu yangu ilikuwa kwa Kitinda siku hizi mbili, ya kwake imeharibika. Ndiyo amenirudishia. Mungu awabariki kwa hili, sijui niseme nini. Ila nimesoma hadi mwisho na sijaona mtu ameandika kuhusu mkono. Kitinda anapiga kwa mkono wa kushoto. Hayo ya kuazima anayageuza tu juu chini.

Mama Mdogo, saa 2:49
Dada. Simu ilikuwa kwa NANI??

Binamu wa Chuo, saa 2:49
😂😂😂😂😂

Baba Pacha, saa 2:50
Kumbe siri tulikuwa tunamwambia mwenyewe

Shangazi Mkubwa, saa 2:51
Wifi amesoma?

Mama Kitinda, saa 2:53
Sijui wifi. Amenirudishia akitabasamu, lakini yule hutabasamu siku zote.

Fundi, saa 2:55
Jamani subirini kidogo. Mkono wa kushoto? Baba Pacha ndicho ulichomaanisha na "kinyume"?

Baba Pacha, saa 2:56
Sasa nilidhani mnajua.

Fundi, saa 3:01
Hilo siyo la kugeuza nyuzi tu. Kile kifupa cha kwenye daraja kimelazwa mshazari ili kila uzi uwe na urefu wake, ukigeuza nyuzi, gitaa linatoka kwenye sauti kila unapopanda shingo. Fito za ndani nazo haziko sawa pande mbili. Inatakiwa lililotengenezwa la kushoto tangu mwanzo. Yapo, ila madukani ni machache, mara nyingi mpaka liagizwe. Shangazi usitume pesa bado.

Babu, saa 3:04
Nilisema alishike.

Shangazi Mkubwa, saa 3:09
Kianzio nilishatoa tangu Ijumaa asubuhi, ili lisiuzwe.

Fundi, saa 3:10
La mkono gani?