Naomba ushauri: onyesho la mwisho limekatwa bila kuniuliza

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni. Naandika tamthilia, niko hapa Dodoma, na msimu huu kazi zimefuatana kweli, Ijumaa tunasoma skripti mpya na wenzangu halafu Jumapili mchezo wangu mwingine unaanza Bagamoyo, treni ya SGR mpaka Dar ipo kwa hiyo safari hainisumbui. Shida ni muongozaji wa huo wa Bagamoyo, rafiki yangu wa miaka mingi, kakata onyesho la mwisho, lile mama anarudi Kondoa msibani, ndo moyo wa mchezo jamani! Nimempigia mara mbili anasema tutaongea ukifika. Mkataba hatukuandikishana ila skripti nilisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Je nimwandikie rasmi sasa au nisubiri ana kwa ana? Na sheria ya hakimiliki ya 1999 inamruhusu kukata hivyo?