Ulinganisho: chai ya kutoa sumu, unga wa kusafisha utumbo, vibandiko vya nyayo, au sanamaki ya Darajani?

Ukuti_Mkavu

Assalamu alaykum wenzangu. Mdogo wangu anaolewa baada ya Idi, na hata singo hatujaanza kumsinga keshashikilia kwamba lazima kwanza asafishe tumbo. Simu yake imejaa matangazo. Akifungua moja, mengine yanamfuata.

Aliyoyachagua ni haya. Chai ya siku 28 ya kutoa sumu, inaagizwa Dar na kuletwa na boti. Unga wa kusafisha utumbo, una nyuzi za mimea na udongo ndani yake, na tangazo lake lina picha ya kitu cheusi kirefu ambacho sikupenda kukitazama wakati nakula. Vibandiko vya kubandika nyayoni usiku, asubuhi unavibandua vyeusi, ati ndiyo sumu imetoka. Mama yetu kasikia, kacheka, kasema sanamaki, yale majani ya kuharisha yanayouzwa sokoni Darajani, yatosha.

Kwa bei, unga ndio ghali kupita vyote, kisha vibandiko, kisha chai. Sanamaki ni pesa ya mandazi. Nataka mwenye kujua anilinganishie, mwenye kuuza anipishe.

Mfamasia_Kwerekwe

Waalaykum salaam. Nianze na chai maana ndiyo inayouzika zaidi. Geuza boksi, soma zile herufi ndogo za nyuma. Ukikuta Senna, au Cassia angustifolia, au Senna alexandrina, basi ni sanamaki ile ile ya mama yako. Kwa hiyo la kwanza na la nne katika orodha yako ni kitu kimoja, kilichozidi ni mwanamke mwenye kiuno kwenye boksi.

Inavyofanya kazi: bakteria wa utumbo mpana huivunja, inausisimua ukuta wa utumbo, na baada ya saa 6 mpaka 12 mtu anapata haja. Chakula wakati huo kishanyonywa zamani kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo mafuta ya mwilini hayakuguswa. Tumbo linalala kwa sababu limetoka maji na choo. Akila na kunywa, limerudi. Kazi yake halali ni choo kigumu, tena kwa muda mfupi, kwa kawaida isizidi wiki bila kumuona daktari. Siku 28 sijui wamezitoa wapi.

Kuna na la pili. Chai na vidonge vya kupunguza tumbo vimekamatwa mara nyingi nchi za nje vikiwa vimetiwa sibutramine bila kuandikwa kwenye boksi. Hiyo ni dawa ya kuzuia hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Chai ikimfanya mtu moyo uende mbio na njaa asiione kabisa, hayo si majani tu.

Bi_Mtupeni

Mwanangu, sanamaki usiitie kapu moja na hizo takataka za kwenye simu. Sisi tukiwa wadogo, skuli zikikaribia kufunguliwa tunapangwa uani, kila mtu na kijiko chake cha mafuta ya mbarika na kipande cha chungwa cha kuondoshea ladha. Mwaka mwengine haluli. Nani alikufa?

Mfamasia_Kwerekwe

Shikamoo bibi. Na sanamaki sina ugomvi nayo. Wewe hukuambiwa unatolewa sumu, uliambiwa unaharishwa, na kweli ukaharishwa. Hapo hapana uongo.

Ila majani ya kupima kwa vidole hayana kipimo. Leo hayafanyi kitu, kesho yanakukata tumbo mpaka unashika ukuta. Haluli ni chumvi ya magnesiamu, mwenye figo mbovu asiiguse. Na shubiri, kwa wale watakaoitaja, Marekani waliiondoa kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, maana watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama.

Chuma_Chakavu

Vibandiko niachieni mie. Nilivinunua makusudi, na kimoja sikukivaa. Nilikishika kwa koleo juu ya mdomo wa birika linalochemka. Kikaanza kuwa cha manjano, kikaja kahawia, mwisho cheusi, kinanata na kinanuka moshi wa kuni. Basi birika letu lina sumu jamani, na chai yake tunainywa kila siku.

Ndani mna siki inayotengenezwa kwa moshi wa mbao au mianzi, ikikauka inakuwa unga. Ikipata unyevu inageuka rangi. Jasho la nyayo ni unyevu, mvuke wa birika ni unyevu. Marekani kulikuwa na vibandiko vikiitwa Kinoki, vikitangazwa kwenye televisheni usiku na mchana. Tume yao ya biashara, FTC, iliwashtaki wauzaji mwaka 2009, na mwaka uliofuata mahakama ikawapiga marufuku kuendelea kuviuza.

Na yale maji ya kutumbukiza miguu yenye umeme, yanayogeuka rangi ya kutu? Hiyo ni kutu. Chuma, chumvi na umeme. Toa miguu, uache mashine iende, uone.

Afya_Asilia_Duka

Mnazungumza bila kutumia. Wateja wangu wa unga wa utumbo wananitumia picha wenyewe, vitu vimekaa tumboni miaka, vimeganda ukutani. Hizo nazo ni siki? Hospitali hawawezi kukwambia haya kwa sababu ukipona watamtibu nani. Mwenye kutaka aje inbox, ofa inaisha Ijumaa.

Mfamasia_Kwerekwe

Picha nakubali ni za kweli. Suala ni kile kitu kimetoka wapi. Chukua kijiko kimoja cha huo unga, utie kwenye gilasi yenye maji kidogo, ukoroge, uache. Nyuzi zile ni maganda ya isabgol, yale yanayouzwa maduka ya Kihindi. Yakikutana na maji yanavimba na kuwa jeli. Udongo wa bentonaiti unashikana na jeli hiyo na kuipa uzito. Ndani ya utumbo mchanganyiko ule unapita kwenye bomba refu lenye mikunjo, unatoka umechukua umbo la bomba. Mteja ametoa alichokimeza, akakipiga picha, akakutumia.

Utumbo hauna ukuta wa kugandiwa miaka. Ngozi yake ya ndani hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache. Madaktari wanaoingiza kamera kwenye utumbo mpana hawaikuti hiyo kamba nyeusi. Jina lake lenye sura ya kitaalamu, "mucoid plaque", lilibuniwa na Mmarekani Richard Anderson, na yeye mwenyewe akiuza dawa ya kuitoa.

Hadithi yenyewe ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita London kulikuwa na mpasuaji mkubwa, Sir William Arbuthnot Lane, akiwakata watu utumbo mpana kwa kufunga choo tu, kwa imani kwamba choo kinatia sumu damuni. Mwaka 1919 daktari Walter Alvarez wa Marekani akaeleza kwamba kichwa kizito na uchovu wa mtu aliyefunga choo vinatokana na kujaa na kutanuka kwa njia ya haja. Akishapata choo nafuu huja pale pale, na sumu iliyokwisha kuingia damuni haiwezi kuondoka kwa haraka hiyo. Wenziwe wa zama zile walijaribu hata kwa kuwajaza watu pamba kwenye njia hiyo, na dalili zikaja zile zile. Ndiyo, pamba.

Kuhusu hospitali kutotaka watu wapone, isabgol peke yake, bila udongo na bila picha, ni dawa nzuri ya choo kigumu na hata daktari atakuandikia. Ni rahisi, na sharti lake ni maji mengi.

Mtoto_wa_Wawi

Mie niko Chake, naomba niongeze kitu ambacho hakuna tangazo linalokisema. Huku Pemba kuna kitu cha kweli cha kutoa tumboni, na ni minyoo. Maabara ya Ivo de Carneri hapa Wawi imekuwepo tangu mwaka 2000, na utafiti wa minyoo uliofanyika kisiwani humu unasomwa dunia nzima. Watoto wetu wa skuli wanapewa vidonge kwa kampeni. Albendazole ya miligramu 400 ni kidonge kimoja, na bei yake mnaijua. Mja mzito wa miezi mitatu ya mwanzo asimeze.

Tena hapa sayansi inajikosoa yenyewe hadharani, jambo ambalo hamtaliona dukani. Minyoo ya mjeledi haitoki vizuri kwa albendazole peke yake, ndiyo maana watafiti wakajaribu hapa Pemba kuichanganya na ivermectin, dawa nyingine ya minyoo. Mwenye kuuza unga anaweza kunambia dawa yake inashindwa na nini?

Huyo bibi-arusi kama tumbo lina jambo, akapime choo. Kipimo kitamwambia ana nini au hana kitu.

Ustadh_wa_Kikwajuni

Mimi nilitaka kusema Ramadhani inakuja na funga yenyewe inatoa sumu, hamna haja ya kununua.

Mfamasia_Kwerekwe

Ustadh, funga ni ibada, tusiipe kazi ya duka. Sumu za mwili zina wenyewe. Ini linageuza amonia kuwa urea, figo zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, karibu zote zinarudishwa mwilini na zinazobaki ndizo mkojo. Zinafanya hivyo Ramadhani na Mfunguo Mosi. Zikishindwa mtu anapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, haletewi chai.

Ukuti_Mkavu, nakupa swali la kumuuliza muuzaji yeyote: unatoa sumu gani? Aitaje jina, aseme inapimwa wapi kabla na baada. Mwaka 2009 kundi la wanasayansi vijana Uingereza, chini ya Sense About Science, waliwauliza hivyo watengenezaji wa bidhaa 15 za aina hii. Hakuna kampuni mbili zilizotoa maana moja. Kisha muulize namba ya usajili wa ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, na kama ni dawa ya asili, kibali cha Baraza la Tiba Asili.

Ukuti_Mkavu

Nimemuuliza wa unga. Kajibu "sumu zote dada", na emoji ya jani. Namba ya usajili kasema inakuja.

Mdogo wangu kasoma yote haya, kanuna, kisha kasema basi atakula mapapai na kunywa maji, ila kupima choo anaona haya kubeba kikopo. Nitambebea mie.

Lakini kumetokea jengine. Mama mkwe wangu naye kumbe aliagiza ile chai, imefika jana na boti. Yeye ana presha, anameza dawa mbili, moja ni ile inayomkojosha sana asubuhi. Kuna ubaya?

Mfamasia_Kwerekwe

Upo, na huo ni mkubwa kuliko yote tuliyoyasema. Dawa nyingi za kukojosha zinatoa potasiamu mwilini. Kuharisha nako kunatoa potasiamu. Vikikutana inashuka, misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika, kwa mtu mzima ndiyo hatari zaidi. Asiinywe. Kama kishakunywa na anahisi kizunguzungu, udhaifu wa miguu au moyo kurukaruka, mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja leo, msingoje asubuhi. Na kama choo ndicho kinachomsumbua, amwambie daktari wake wa presha. Choo kikibadilika ghafla kwa mtu wa umri wake, au kikawa na damu, au anakonda, hilo ni la kuchunguzwa, si la kuharisha.

Bi_Mtupeni

Na sanamaki je, kwa mwenye presha?

Mfamasia_Kwerekwe

Ni ile ile, bibi. Akimeza hiyo ya kukojosha, asiinywe.

Ukuti_Mkavu

Nimempigia. Anasema kishatia maji ya moto, anangoja ipoe. Nakwenda.