Kijana kala pesa ya gesi: makosa ni yake au ya tangazo?

Baba Swabra: Jamani nisaidieni mawazo. Jana nimempa mpwa wangu elfu moja mia tano akajaze mtungi wa gesi, ule wa kilo sita. Karudi magharibi aubembeza mtungi kwa kidole kimoja, hata hajafungua mdomo nshajua. Pesa yote kaitia kwenye kindege, kile cha kamari kwenye simu, namba zapanda zapanda nawe watakiwa utoe chako kabla hakijapotea. Namuuliza nani kakufunza, anambia mjomba si redioni kila saa watu wanashinda. Sigara zilikatazwa kutangazwa tangu sheria ya 2007, sasa kamari mbona twaletewa mpaka tuko jamvini twafuturu? Yakatazwe ama niseme na mtoto tu?

Chande wa Feri: Ati tangazo. Simu kashika nani, PIN kabonyeza nani? Mimi na umri huu hakuna tangazo hata moja lilonitoa shilingi. Ni malezi hayo.

Baba Swabra: Malezi usiyataje, mtoto ana babake na mamake na mimi niko hapa.

Shangazi Majengo: Chande leo wacha nicheke. Hakuna tangazo lilokutoa shilingi? Juzi hapa dukani si umesimama ukasema nipe Omo ya ishirini, nkakupa kijipakti chengine kabisa hata rangi si yake, ukatia mfukoni ukaenda zako.

Chande wa Feri: Omo ni jina la sabuni ya unga.

Mtoto wa Kibokoni: Jina la sabuni ya unga ni sabuni ya unga kaka, umelitaja mwenyewe hapo 😂 Ndiyo hayo matangazo. Wamekuingia mpaka kwenye ulimi hata hujui. Dawa ya meno yoyote Kolgeti, siagi yoyote Blue Band. Halafu twajiita wenye Kiswahili.

Mgeni Bamburi: Hapo sasa. Nyinyi watu wa Mombasa mko na shida, mtu anaongea mambo ya kamari nyinyi mnasahihisha Kiswahili. Kila siku.

Mtoto wa Kibokoni: Mko na shida ama muna shida? Tuanzie hapo. Kuna bango moja huku mjini ni Sheng kutoka juu mpaka chini, nyanyangu akaniuliza hawa wauza nini, nami kusema kweli sikujua. Wanataka pesa zetu lakini kusema nasi hawataki.

Mgeni Bamburi: Lugha ni ya wote bana. Nimekaa huku miaka kumi na mbili na bado naitwa mgeni.

Shangazi Majengo: Mwanangu jina umejipa wewe.

Wakili Mtaani: Turudi kwa Baba Swabra. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 yataka Bunge litunge sheria matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya heshima. Na 2025, mwezi wa nne, bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kubeti siku 30, mwaka huohuo ikaja sheria mpya ya kamari. Kwa hivyo kuzuia kwawezekana. Nani asimamia, hilo ndilo swali.

Chande wa Feri: Siku 30 hizo vijana wa maskani kwetu walibeti siku 30. Wakili wacha makaratasi. Na wewe Shangazi unaninyoshea kidole, hilo duka lako si limepakwa rangi ya kampuni mpaka mlango wa stoo? Bango kubwa la mtaa ni wewe.

Shangazi Majengo: Wamenipakia bure na mabati wakanishikia. Weye ungenipakia? Useme hapa mbele za watu.

Baba Swabra: Jamani kamari.

Mtoto wa Kibokoni: Rangi hata, 2018 Joho, gavana wa wakati huo, si alitaka majumba ya mjini yawe meupe na buluu? Watu walipiga kelele ati gharama. Akija wa kampuni na ndoo yake hakuna anenaye.

Mzee wa Pishi: Nyote watoto. Sisi tulipima kwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi moja. Siku hizi nenda sokoni Kongowea uone, wakupimia kwa kasuku, mkebe wa mafuta ya kupikia ya jina hilo! Kampuni imekula mpaka kipimo.

Mgeni Bamburi: Kwani kasuku si Kiswahili mzee?

Mzee wa Pishi: Ni ndege, bwana. Ndege!

Mtoto wa Kibokoni: Kama kile kilichoruka na gesi ya Baba Swabra 😂😂

Baba Swabra: Cheka tu. Huku leo tumepikia makaa, mke wangu hasemi nami, na mwenye kula pesa yuko uani aniambia nimuongeze mia mbili airudishe yote. Kwani huo ufundi hakuupata kwangu.

Wakili Mtaani: Kaupata wapi basi? Hilo ndilo ninalosema.

Chande wa Feri: Ngoja kwanza. Shangazi, ile ya juzi kumbe haikuwa Omo? Naja hapo saa hii, nirejeshee ishirini yangu.