Mnofu wa kuchoma usio na mafuta: ni lishe kweli, na analishwa nani?

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye meza ya nyama choma hapa Morogoro ulizuka ubishi uliodumu hadi makaa yakazimika. Mwenzetu mmoja ameambiwa apunguze mafuta kwa sababu ya presha. Akaagiza nusu kilo ya steki tupu, akamsisitiza mchomaji asimwekee hata kipande kimoja cha nundu. Ilipoletwa akajipigapiga tumbo: "Hii sasa ni dawa." Jirani yake akamrukia: nyama nyekundu ni saratani, Shirika la Afya Duniani lilishasema, kula tu utakuja kunikumbuka. Niliondoka sijaridhika na yeyote kati yao, ndiyo maana naileta hapa.

Tuanze na kilichomo kwenye sahani. Gramu 100 za mnofu wa ng'ombe uliochomwa na kuondolewa mafuta ya pembeni zina protini gramu 27 hivi, mafuta kati ya gramu 5 na 10 kutegemea umekata wapi, na nishati isiyofika kilokalori 200 kwa kawaida. Zinki imo ya kutosha. Vitamini B12 inakaribia mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima, na hiyo huipati kwenye maharage wala mchicha hata ukamaliza sufuria. Wanga hakuna, nyuzinyuzi hakuna, vitamini C hakuna ya kutaja.

Madini ya chuma ndiyo yanayonivutia zaidi. Ukisoma namba tupu utasema nyama na maharage ni ngoma droo: miligramu 2 na ushee kwa kila gramu 100 zilizopikwa. Tofauti iko tumboni. Chuma cha aina ya heme, kilichomo kwenye nyama, mwili hukinyonya kwa asilimia 15 hadi 35. Kile cha mimea ni asilimia 2 hadi 20, na ukishushia na chai ya rangi unakipunguza zaidi. Halafu nyama kidogo ikichanganywa na maharage inasaidia hata chuma cha maharage kunyonywa. Kwa hiyo yule wa "dawa" hakukosea sana.

Na wa saratani? Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, ulioko Lyon, Ufaransa, uliweka nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni kwenye kundi la 1, yaani zinasababisha saratani. Nyama nyekundu iliwekwa kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa, ushahidi haujakamilika. Saratani inayotajwa zaidi ni ya utumbo mpana. Mnofu wa jikoni kwa mchomaji si soseji, tusichanganye mafaili.

Hoja yangu sasa. Nusu kilo mbichi ikitoka kwenye makaa inabaki gramu 350 hivi. Mfuko wa dunia wa utafiti wa saratani, WCRF, unashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa WIKI. Rafiki yangu kaimaliza wiki yake Jumamosi saa mbili usiku, na kapata protini kama gramu 95 wakati mwanamume wa kilo 70 anahitaji 56 hivi kwa siku. Chuma? Kwa viwango vya Marekani mwanamume anahitaji miligramu 8 kwa siku, mwanamke wa umri wa kuzaa 18, mjamzito 27. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na watoto chini ya miaka mitano asilimia 58.

Sasa zungusha macho kwenye mabanda ya nyama choma Jumamosi jioni, uhesabu nani ameshika kijiti cha meno. Lishe ipo, ila inakwenda kwa asiyeihitaji.

Nawasilisha.

Mchoma Nyama wa Msamvu
Mkuu, umeongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye jiko. Mnofu mtupu ukiuweka kwenye makaa makali unakauka kama soli ya kiatu, mteja anarudisha sahani. Mafuta ndiyo yanayolainisha.

Lakini nikupe la kweli: nyama yenye mafuta ikidondoshea mkaa, moshi unapanda na kuirudia nyama, na wapo wateja wanaotaka iwe nyeusi kabisa. Mimi mnofu nauloweka kwa papai bichi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Nauchemsha kidogo kwanza, ndipo nauweka pembeni mwa moto na kuugeuzageuza. Unaiva ndani bila kuungua nje.

Nesi Mstaafu
Huyo mchomaji apewe mshahara wa bwana lishe. Nyama ikikaa kwenye moto mkali hadi kuungua hutengeneza kemikali ambazo watafiti wanazihusisha na saratani, na moshi wa mafuta yanayodondoka huongeza nyingine. Kuloweka kwenye viungo, kuchemsha kwanza na kugeuza mara kwa mara kunazipunguza. Ila msije mkaiga steki za hotelini zenye damu katikati. Minyoo ya tegu inatokana na nyama ya ng'ombe isiyoiva, nimewaona wagonjwa wake. Iive hadi ndani, ukiona pameungua, kata utupe.

Mleta mada, nina tatizo na hesabu yako moja. Upungufu wa damu si nyama tu. Malaria, minyoo, sikoseli, kuzaa kwa kufuatana, hedhi nzito: vyote vimo kwenye hiyo asilimia 45. Usije ukamfanya mama aache vidonge vya kliniki akisubiri choma ya mumewe. Na kama pesa ni kidogo, ini lina chuma zaidi ya maradufu ya mnofu, japo mjamzito asilizidishe kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Chai iwe saa moja au zaidi baada ya chakula, isiwe pamoja nacho.

Mzee wa Vielelezo
Mnawatisha watu bure. Mwaka 2019 jopo la wataalamu lilichapisha kwenye jarida la Annals of Internal Medicine kwamba watu wazima waendelee tu na kiasi cha nyama wanachokula, kwa kuwa ushahidi wa madhara ni dhaifu. Mwaka huohuo ripoti ya EAT-Lancet, ya jopo la wanasayansi wa lishe na mazingira, ikasema gramu 14 za nyama nyekundu kwa siku zinatosha, kipande ambacho hata paka wangu atakidharau. Wazungu wenyewe hawajakubaliana.

Na hilo kundi la 2A mnalijua lina nini kingine? Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65. Mbona hamuandamani kuipinga chai ya asubuhi?

Mleta mada
Mzee, jopo hilo lenyewe lilisema ushauri wake ni dhaifu na wengi walilipinga. Lakini nakubali kwamba kundi linaeleza uzito wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari. Soseji iko kundi moja na sigara na hakuna anayesema zinalingana. Ripoti ya gramu 14 iliangalia mazingira ya dunia nzima pia, na kumpangia kipimo hicho mtoto wa Dodoma mwenye upungufu wa damu ni kichekesho.

Nesi, nimekosolewa kwa haki. Asilimia 45 nimeibebesha mzigo usio wake wote.

Gauti Sugu
Mimi nachangia kwa kifupi kwa sababu kidole gumba cha mguu kinawaka moto. Mnofu hauna mafuta, sawa, ila purini zimo, zile kemikali zinazoamsha gauti. Nusu kilo na bia nne, usiku wa manane hata shuka likikugusa unalia. Hakuna aliyenitajia hilo wakati nasifiwa kwamba nakula "safi".

Mama Wawili
Nimewasoma wote, mna elimu kubwa. Miligramu, nyuzi, makundi. Mimi najua kipimo kimoja: mume wangu akirudi ananuka choma, mimi na watoto tumeshakula ugali na mchicha na tumelala. Akiamua kununua nyama ya nyumbani anachukua mchanganyiko, mifupa mitupu, na bado kipande chenye mnofu anawekewa yeye. Na ni mimi ninayemwekea! Ndivyo nilivyomwona mama akifanya. Kwa hiyo mleta mada usiwaseme wanaume peke yao, mwiko ninao mimi.

Mchoma Nyama wa Msamvu
Dada, mimi foili ninazo. Wanaoomba kufungiwa ya nyumbani huwa wawili watatu kwa usiku mzima, na mmoja wao ni kwa ajili ya mbwa.

Mleta mada
Mrejesho. Jumamosi niliagiza nusu kilo ileile. Robo nikaila pale, robo ikafungwa. Nimefika nyumbani binti yangu kaifungua, akauliza kama kuna mgeni anakuja. Nikamwambia hakuna, kula. Mke wangu akaigeuzageuza na uma, akauliza kachumbari na ndimu ziko wapi, kwani hiyo vitamini C niliyowaambia watu huko mtandaoni kwamba nyama haina, yeye haimhusu?