Naomba ushauri: mashine ya kukatia kona inaacha pengo kwenye fremu, na kava ya diski hairudi

Seremala wa Pasua (Moshi)

Habari za kazi ndugu zangu, na shikamooni wote mlionitangulia.

Nina karakana ndogo hapa Pasua, na kazi inayoniweka mjini kwa sasa ni fremu za picha na za vioo. Miezi mitatu iliyopita nilinunua mashine ya umeme ya kukatia kona, ya mtumba, yenye diski ya milimita 254, kutoka kwa fundi aliyekuwa akifunga karakana yake. Mota inawaka vizuri, lakini nikikata vipande vinne vya fremu bapa, vyenye upana wa sentimita 5, kwa nyuzi 45, kona tatu hufunga na ya nne hubaki wazi kiasi cha kupitisha sarafu. Pengo hilo huonekana siku ileile, kabla hata gundi haijapakwa. Nimekuwa nikiweka kipande cha boksi la sabuni nyuma ya mbao ili kufidia, na siku nyingine hufaa, siku nyingine huharibu zaidi. Nakata upande wa kulia tu na kugeuza mbao, kwa kuwa meza ya mashine ni nzito kuizungusha kushoto. Mringaringa hukatika bila shida, lakini saiprasi huungua na kuacha alama nyeusi, na nyakati za jioni mashine hulia kama iliyozidiwa na mzigo.

Jambo la pili ni kava ya chini, ile ya plastiki inayotakiwa kuifunika diski mkono wa mashine unapopanda. Niliikuta imefungwa juu kwa waya wa kufungia nondo. Nilipoufungua, kava ikawa inakwama katikati na kuniziba macho, nikaifunga tena. Sasa nina kijana ninayemfundisha kazi, na roho yangu haitulii.

Kitabu cha maelekezo sikupewa. Naomba kujua nianzie wapi, na nirekebishe vipi bila kujikata.

Mzee wa Randa (Arusha, Sombetini)

Marahaba kijana. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu la kwanza linaweza kusubiri hata mwezi mzima.

Chomoa plagi ukutani, siyo kuzima swichi tu, na uiweke mahali unapoiona wakati wote unapofanya kazi, kisha uondoe huo waya wa nondo. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ncha, na sababu ni kava niliyoifunga juu kwa namna hiyohiyo miaka mingi iliyopita. Nilikuwa nimekwisha kuachia swichi na kuinua mkono wa mashine, nikanyoosha kidole kuchukua kipande kilichobaki, nikasahau kwamba diski huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa baada ya umeme kukatika. Kava ingekuwa mahali pake, ningegusa plastiki.

Kava kama hiyo mara nyingi haijaharibika, bali imejaa uchafu. Utomvu wa saiprasi na paini huchanganyika na unga wa mbao, hugandamana kwenye egemeo la kava na kwenye springi yake. Toa diski kwanza, kisha usafishe kwa brashi ndogo kavu na kitambaa chenye maji ya sabuni, uache pakauke kabisa. Usipake grisi wala oili, kwa sababu vumbi litanasa humo na baada ya wiki mbili utakuwa umerudi ulipotoka. Ikiwa springi imekatika au plastiki ina ufa, nunua nyingine. Plagi ikiwa bado nje, shusha na kupandisha mkono mara kumi. Kama kava hairudi yenyewe kila mara bila kusaidiwa, mashine hiyo isiwashwe, wala na wewe wala na kijana wako.

Sasa nije kwenye pengo. Fremu yenye kona nne ina mikato minane. Kwa kuwa wewe hukata upande mmoja tu na kugeuza mbao, kosa la kila mkato huelekea kulekule, na yote hujumlishwa. Mashine ikikosea robo ya nyuzi tu, ambayo jicho haliwezi kuiona, mikato minane hukupa nyuzi 2 nzima, na kwa mbao yako ya sentimita 5 kona ya mwisho hubaki wazi kwa zaidi ya milimita 2. Hiyo ndiyo sarafu yako. Boksi la sabuni haliwezi kutibu hilo, kwa sababu hubonyea kila mara kwa kiasi tofauti.

Usiguse nyuzi 45 kabla hujahakikisha sifuri. Chukua ubao mnene ulionyooshwa kingo zote mbili, wenye upana wa sentimita 12 hivi, uukate katikati mashine ikiwa kwenye sifuri. Chomoa plagi. Acha kipande cha kushoto kilivyo, na cha kulia ukipindue, uso uliokuwa mezani utazame juu, kisha uvikutanishe tena vikiwa vimeegemea ule ukuta wa chuma wa mashine. Vikigusana kote, mashine ni sawa. Mwanga ukipita upande wa ukutani au upande wako, ukuta umekaa upogo. Ukipita juu au chini, diski imelala. Na pengo unaloliona ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo usirekebishe yote ukapitiliza.

Kurekebisha ukuta ni kazi ya subira. Kwanza weka rula ndefu ya chuma kwenye ukuta, ipite pande zote mbili, uone kama nusu ya kushoto na ya kulia ziko kwenye mstari mmoja. Legeza boliti zake kidogo tu, kiasi cha ukuta kusogea ukigongwa kwa mpini wa bisibisi. Shusha mkono na uufunge kwa pini yake, halafu weka skwea, mguu mmoja kwenye ukuta na mwingine kwenye bapa la diski, katikati ya jino na jino. Usiiegemeze skwea kwenye jino, kwa sababu vile vipande vya kabaidi, yaani chuma kigumu kilichopachikwa kwenye ncha za meno, ni vipana kuliko bapa, na utapima uongo. Kaza boliti moja nusu, nyingine nusu, huku ukitazama skwea, kwa sababu ukuta hupenda kusogea wakati wa kukaza. Rudia jaribio la ubao mpaka uridhike. Kwa mashine nyingi vidato vya nyuzi 45, yaani vile vipengo ambamo meza hunasa, vimechongwa kwenye kitako chenyewe na havisogei; ukuta ukiwa sawa kwenye sifuri, 45 hujileta. Kama diski imelala, kuna boliti yenye nati ya kufungia nyuma ya mkono, ndiyo inayosimamisha mkono wima. Skwea hapo husimama juu ya meza. Mshale wa kusomea vipimo uwe wa mwisho kabisa kuguswa.

Mkata Saiprasi (Moshi)

Mimi naona diski imekwisha. Nunua mpya ya meno 80 na mambo yatakwisha.

Mama Fremu (Moshi, Rau)

Kaka, si lazima diski iwe imekwisha kwa sababu inaunguza. Diski yangu moja nimeitumia miaka na imepelekwa kunolewa mara kadhaa. Kabla ya kutoa pesa, itoe na uitazame kwenye mwanga: ukiona tabaka la kahawia nyuma ya meno, huo ni utomvu, na utomvu hukwaruza na kupasha joto hata jino kali. Iloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kwa nusu saa, uisugue kwa mswaki mkuukuu, uikaushe papo hapo isishike kutu. Jino likiwa limemeguka, au bapa lina ufa, hapo nakubaliana na ndugu yangu Mkata Saiprasi kwamba inunuliwe nyingine.

Ukinunua, soma maandishi. Kipenyo kisizidi cha mashine, tundu la katikati lilingane na ekseli bila kujazia vipande vya bati, na kasi iliyoandikwa kwenye diski iwe kubwa kuliko kasi ya mashine. Kwa fremu, meno 60 hadi 80 yanatosha kwa milimita 254. Zile za meno 24 zenye pembe kali ni za kupasulia mbao kwa urefu. Kwenye mashine hii huinyakua mbao na kuipandisha.

Jambo moja ambalo mzee hakuligusa: pengo la siku ileile ni la mashine, lakini likitokea upande wa ndani wa kona baada ya wiki kadhaa, mbao ilikuwa mbichi na imesinyaa kwa upana. Mimi wateja wawili walinirudishia fremu kwa sababu hiyo, nikamsingizia fundi wa mashine bure. Hakikisha pia vipande vinavyokabiliana vina urefu uleule. Bana kizuizi mezani badala ya kupima kila kimoja kwa tepu.

Fundi Umeme wa Kijenge (Arusha)

Kuhusu kulia nyakati za jioni, soma kibao cha mashine. Kama ni ya volti 230 na wati 1,800, huvuta karibu ampea 8 ikiwa kazini, na zaidi sana inapowaka. Je, unatumia waya wa kurefusha? Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba wenye urefu wa mita 30 hupoteza karibu volti 12 kwa mzigo huo, na jioni, wakati umeme wa mtaa wenyewe umeshuka, unaongeza hasara juu ya hasara. Waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza chini ya volti 4. Ukunjue wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu ukiwa umeviringwa hupata moto.

Kagua pia brashi za kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme kwenda sehemu ya mota inayozunguka, ambazo kwa mashine nyingi ziko chini ya vifuniko viwili vya plastiki pembeni mwa mota. Zikifika kwenye mstari wa alama, au zikibaki milimita 6 hivi, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Seremala wa Pasua (Moshi)

Asanteni sana. Nimeanza leo asubuhi na nimekwama mapema: boliti inayoshika diski haifunguki. Nimebonyeza kitufe cha kuzuia ekseli, nimeizungusha kushoto kwa nguvu zote mpaka spana inataka kula kichwa cha boliti. Nipake mafuta ya breki, au niigonge kwa nyundo?

Mzee wa Randa (Arusha, Sombetini)

Weka nyundo chini. Umekuwa ukiikaza. Kwenye mashine hizi nyingi boliti hiyo ina uzi wa kushoto, hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa mishale ya saa, ili mzunguko wa diski usiilegeze kazini. Mara nyingi kuna mshale mdogo umechorwa karibu yake. Ukirudisha diski, mshale wake ufuate mshale wa kava, na meno ya chini yaelekee ukutani.

Seremala wa Pasua (Moshi)

Mzee, ilifunguka kwa mkono mmoja. Nimeona aibu peke yangu.

Taarifa ya kazi ni hii. Ndani ya egemeo la kava nilitoa utomvu mgumu kama gundi ya ngozi, pamoja na kibanzi cha mbao kilichokuwa kimeikaba springi. Sasa kava inarudi yenyewe kwa mlio wa kupiga. Diski ilikuwa na tabaka la kahawia kama alivyosema dada, na baada ya kuloweka saiprasi inakatika nyeupe. Jaribio la ubao lilionyesha pengo la milimita 1 upande wa ukutani, nikagonga na kukaza mara nne kabla halijapotea. Fremu ya kwanza imefunga kona zote nne bila boksi.

Waya wangu wa kurefusha ni mwembamba kweli, nimeuondoa. Brashi za kaboni moja ina milimita 8 na nyingine 5. Nina swali moja la mwisho: kijana wangu ana mazoea ya kuinua mkono wa mashine mara tu mbao inapokatika, akisema ni haraka zaidi. Nimwambie nini?

Mama Fremu (Moshi, Rau)

Mwambie aiache diski ifikie kasi yake kabla ya kugusa mbao, akimaliza aachie swichi na kuushikilia mkono chini mpaka diski isimame kabisa, ndipo ainue. Akiinua inazunguka, meno hukinyakua kile kipande kidogo na kukirusha. Mimi kimoja kilivunja kioo cha mteja kilichokuwa nyuma yangu. Mikono ikae umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye diski, na kipande kifupi kibanwe kwa klampu. Mbao iliyopinda, mgongo wake uegemee ukuta, usiigeuze kinyume, kwa sababu mkato utajifunga na kuikaba diski. Avae miwani na barakoa, wala asivae glavu wala shati la mikono mirefu inayoning'inia. Barakoa asiidharau: tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Fundi Umeme wa Kijenge (Arusha)

Brashi za kaboni usizinunue kwa kukisia. Nenda na zile za zamani mfukoni, upime upana na unene, kwa sababu ikiwa nene itakwama kwenye nyumba yake na ikiwa nyembamba itacheza na kutoa cheche. Ukiziweka, iache mashine izunguke bila mzigo dakika chache kabla ya kukata chochote.

Seremala wa Pasua (Moshi)

Nimekuelewa. Nitafuata mpya mjini Jumamosi, na zile za zamani nimezifunga kwenye karatasi.