Siku moja Genova kwa treni kutoka Milano, pamoja na mama mwenye maumivu ya magoti

Mwanatanga ameuliza:

Salaam nyote. Ninasoma Milano, na mwezi ujao mama yangu mzazi atakuja kunitembelea kutoka Tanga. Amekulia karibu na bandari, na tangu nilipomwonyesha ramani amekuwa akiniuliza bahari iko umbali gani. Nimekusudia kumpeleka Genova kwa treni, twende asubuhi na kurudi jioni ya siku hiyohiyo. Itabidi iwe Jumatatu au Jumanne, kwa kuwa siku nyingine nina masomo au kibarua.

Nimeona kwamba mji huo una stesheni kubwa mbili, Piazza Principe na Brignole, wala sijui tushukie ipi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni magoti yake: mahali tambarare hutembea vizuri, lakini ngazi na vilima humtesa, na kila picha ya Genova niliyoiona ina ngazi. Je, mji huu unamfaa? Naomba pia mnieleze kuhusu chakula, kwa kuwa hatuli nyama ya nguruwe.

Baharia Mstaafu amejibu:

Mwanangu, mpeleke bila wasiwasi, ila chagueni Jumanne, kwa sababu majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu. Treni ya Intercity huchukua takriban saa moja na nusu, na ile ya mkoa huwa karibu saa mbili. Mtapita mashamba tambarare ya Lombardia, mtavuka mto Po baada ya Pavia, kisha mtaingia milimani, ambako mahandaki hufuatana hadi mjini. Mweleze mapema kwamba reli hii haipiti ufukweni, asije akachoka kuchungulia dirishani akitafuta maji.

Shukieni Principe, ndiyo iliyo karibu na bandari kongwe. Msitembee kutoka hapo. Chukueni metro, na kituo cha pili baada ya Principe ni San Giorgio, mbele kabisa ya Porto Antico, yaani hiyo bandari kongwe. Eneo hilo ni tambarare, nalo lilitengenezwa upya na msanifu majengo Renzo Piano, mzaliwa wa Genova, kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1992. Mkabala wake limesimama Palazzo San Giorgio, jumba lililojengwa mwaka 1260. Marco Polo alifungwa mjini humo mwishoni mwa karne ya 13, na watu husimulia kwamba gereza lake lilikuwa ndani ya jumba hilo. Mwambie mama kuwa ndiye yule mzungu aliyesimulia habari za Zanzibar bila kuikanyaga.

Ukitoka hapo, nyuma ya barabara kuna Sottoripa, safu ndefu ya mabaraza yenye matao, na chini yake wauzaji wa samaki wa kukaanga na farinata. Farinata ni unga wa dengu uliokorogwa kwa maji, mafuta ya zeituni na chumvi, ukaokwa kwenye sinia pana la shaba. Mama atakumbuka bhajia kwa harufu yake, ingawa haina pilipili. Focaccia, mkate bapa wa huko, ya kawaida ni unga na mafuta ya zeituni, lakini ulizeni kwanza kama haikutiwa shahamu au kufunikwa nyama. Pesto nayo, mchuzi mzito wa kuchanganya na tambi, hutengenezwa kwa majani ya mrehani, njugu za msonobari, kitunguu saumu, jibini na mafuta, na sijamwona Mswahili aliyeionja akaikataa.

Kuhusu vilima, wenyeji walilitatua jambo hilo zamani. Baada ya kuitembelea Via Garibaldi, mtaa wa majumba ya matajiri wa karne ya 16, ambao hauna mwinuko wa kumsumbua mtu, nendeni Piazza Portello mkapande lifti ya umma iliyoanza kazi mwaka 1909. Itawafikisha Castelletto, na hapo mtaona mapaa yote ya mji, meli zikiwa gatini, na upande wa magharibi Lanterna, mnara wa taa wa mwaka 1543 wenye urefu wa mita 77. Viti vipo. Mwacheni mama akae hapo kadiri apendavyo.

Bi Mrehani amejibu:

Namheshimu mzee aliyetangulia, lakini nadhani amemfikiria baharia kuliko mama. Porto Antico ni mahali pa maduka, foleni za watalii na jengo la samaki wa kutazamwa. Maji yapo, ila yamefungiwa kati ya magati, na kando yake imepita barabara ya angani inayoutenga mji na bandari yake. Mtu aliyezoea kuiona bahari ya Hindi ikiwa wazi atauliza, "Ndiyo hii?"

Mimi nilipompeleka mama mkwe, tulikaa katika mji wa kale hadi adhuhuri tu, kisha tukapanda treni ya mkoa hadi Nervi, kitongoji cha mashariki, safari ya dakika chache kupita Brignole. Pembeni mwa stesheni ya Nervi inaanzia njia ya waendao kwa miguu, ya kilomita mbili hivi, inayofuata ukingo wa majabali juu ya maji. Kwa sehemu kubwa ni tambarare, na mawimbi hupiga chini ya miguu yenu.

Abiria wa Kila Siku amejibu:

Naongeza la tiketi tu. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ni lazima igongwe mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Mimi nilisahau, nikalipa faini mbele ya behewa zima. Ya Intercity haigongwi, lakini ni ya treni hiyo na saa hiyo pekee. Angalieni pia tangazo la mgomo: siku za kazi, treni kadhaa za mkoa huhakikishwa kati ya saa 12 na saa 3, asubuhi na jioni. Na mama umwandikie saa zote kwa Kiswahili. Wangu aliona 17:00 kwenye ubao, akasema saa kama hiyo haipo.

Mwanatanga amejibu:

Nawashukuru sana. Nimempigia mama simu nikamsomea majibu yote mawili, la mzee na la Bi Mrehani. Amesema meli ameziona za kutosha Tanga, kwa hiyo Nervi imeshinda. Lakini lifti ya Castelletto hataki kuikosa, na farinata ameniagiza nimnunulie mbili. Tutakwenda Jumanne, tushukie Principe. Bi Mrehani, je, tukifika Nervi saa tisa alasiri, njia hiyo ina kivuli, au nibebe mwavuli?

Bi Mrehani amejibu:

Kivuli ni kidogo, jua hupiga kutoka baharini moja kwa moja. Beba mwavuli, na kanga ya kukalia.