Joto chini ya kapo ya 300ZX: kufunga kanda, kuvisha turbo koti, au kutoboa kapo?

Z_wa_BelAir (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Niko na Nissan 300ZX, ile ya Z32 yenye turbo mbili (pampu zinazozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya moteri, yaani injini), iliyotoka Japani ikapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Maji ya radiateri hayanisumbui, sindano ya joto la maji inakaa pale pale hata mwezi wa kumi. Shida iko chini ya kapo (boneti, kwa wasomaji wa Tanzania). Ukitoka Likasi umeburuzwa nyuma ya malori ya shaba, ukazima gari mjini hata kwa dakika chache, kuwasha tena ni kubembeleza. Duriti ndogo (mipira) za vakiumu zinakatika kama biskuti, na soketi za injekteri (vipulizia petroli) zinapasuka ukizigusa tu.

Kila fundi ana dawa yake. Mmoja anataka tufunge kanda ya kuzuia joto kwenye mabomba ya moshi, mwingine anauza koti la turbo la kazi hiyo hiyo, wa tatu ameshatoa msumeno anataka kutoboa kapo. Mfuko unaruhusu kimoja kwa sasa. Mungeanzia wapi?

Leki_Turbo

Yaya (mkubwa wangu), mbona rahisi? Weka rondele (washa) nene chini ya bawaba za kapo, nyuma kule karibu na kioo. Kapo inainuka kidogo, joto linatoka. Bei yake ni chupa ya bia ya Simba. Na gari inapendeza!

Mekanisie_Katuba

Leki, tulia kwanza. Na wewe mwenye gari, usinunue kitu bado.

Moto wa maji na moto wa chini ya kapo ni mambo mawili. Sindano inakuambia habari za maji peke yake. Kinachokaanga duriti zako ni mabomba ya moshi na turbo, ambazo moteri ikikazwa zinaweza kupita nyuzi 700. Joto la namna hiyo halingoji hewa ilibebe, linaruka lenyewe kama la jua, na linapanda vibaya sana: bomba la nyuzi 600 linarusha joto mara tano hivi ya bomba lile lile likiwa na nyuzi 300. Ndiyo maana ukizima gari baada ya mwendo mkali, ventilateri (feni) imesimama na maji yamesimama, moto wote unapanda juu kwenye reli ya mafuta. Petroli inafanya mapovu, na moteri inagoma.

Sasa lala chini ya gari na tochi, uangalie vilivyopotea. Z32 ilitoka kiwandani na bati za kukinga joto pembeni mwa turbo, na kava kubwa la chini ya bampa. Gari za umri huu nazopokea, bati zimetupwa kwa sababu boliti zilikula kutu na zilikuwa zinapiga kelele, na kava la chini liliondolewa siku ya vidange (kubadilisha oili) na halikurudi. Watu wanafikiri bila kava joto linatoka vizuri. Kinyume! Bila kava, hewa ya mbele inapita chini badala ya kupenya radiateri, na ile chafu ya moto haivutwi kutoka chini. Angalia pia sponji za pembeni ya radiateri na pipa la plastiki linalozunguka ventilateri. Sponji zikiisha, ventilateri inanyonya hewa ile ile ya moto iliyokwisha kupita.

Halafu kamata ventilateri kwa mkono, moteri imezimwa na ikiwa bado na moto. Ikizunguka huru bila kukataa, klachi yake (inayoiunganisha na moteri) imekufa. Ventilateri ya kiwandani yenye klachi nzima inashinda zile za umeme za bei rahisi, ambazo zitachosha pia alternateri yako ya zamani.

Mama_Toli (Kamalondo)

Ninyoosha bati tangu ujana wangu, niongeze hapa. Bati za kinga hamna haja ya kuziagiza Japani. Toli (bati) ya alumini, ikunje ifuate umbo la bomba, iache nafasi ya sentimita moja au mbili kati yake na moto. Hiyo nafasi ndiyo inafanya kazi. Bati ikigusa bomba, inakuwa bomba. Upande unaotazama moto uwe unang'aa.

Na tafadhali, msitumie bati ya kuezekea nyumba karibu na kolekta (mabomba ya moshi yanayotoka kwenye moteri). Ile imepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Moshi wake unaumiza kifua.

Ruzizi_GT (Bukavu)

Narudi kwa Leki na rondele zake. Gari ikisimama, kweli, joto linatoka nyuma ya kapo. Ikikimbia, mambo yanageuka. Chini ya kioo cha mbele hewa inagonga na kujikusanya, mgandamizo wake uko juu, na ndiyo maana kiwanda kiliweka mdomo wa hewa ya ndani ya gari pale pale. Ukiinua kapo nyuma, hewa inaingia badala ya kutoka, inazuia ile iliyopita radiateri. Na oili ikidondokea kolekta, ule moshi utauvuta wewe na abiria wako.

Ukitaka matundu, yakae mbele zaidi, nyuma kidogo ya radiateri, ambapo hewa inapopanda juu ya kapo mgandamizo unashuka. Usibahatishe: bandika vipande vya uzi wa kufuma juu ya kapo yote, rafiki afilimu kutoka gari la pembeni. Uzi uliolala ukifuata hewa unaonyesha hewa inapita laini juu ya kapo. Uzi unaochezacheza ovyo unaonyesha hewa iliyovurugika, acha hapo.

Leki_Turbo

Sawa mukubwa, nimesikia 😂 Ila kwenye foleni rondele zinasaidia, hilo umekubali mwenyewe.

Basalti (Goma)

Kuhusu kanda, kuna ya nyuzi za kioo na kuna ya basalti. Ya pili ni jiwe lililoyeyushwa likavutwa kuwa nyuzi, jamaa ya jiwe tunalojengea nyumba hapa kwetu chini ya Nyiragongo. Inavumilia moto zaidi kidogo na haikatikikatiki haraka. Lakini kanda yoyote inashika unyevu. Gari ikilala nje masika, bomba la chuma cha kawaida linaoza chini yake bila wewe kuona, na kolekta ya chuma cha kumimina inaweza kupata nyufa kwa sababu moto hauna pa kutokea. Kanda ikinywa oili, hiyo ni utambi.

Koti la turbo nalipenda zaidi, mradi lifunike upande wa moshi peke yake. Usifunike katikati penye beringi, wala upande wa hewa safi.

Mekanisie_Katuba

Basalti umesema vema, ila kwenye Z32 hilo koti lina mtego. Turbo zake zimekaa chini kabisa, moja kila upande, zimebanwa kati ya moteri na chasi. Kuzifikia sawasawa ni kushusha moteri. Kwa hiyo koti ni kazi ya siku ambayo moteri inashuka kwa sababu nyingine, na siku hiyo badilisha pia waya wa sonda ya kugonga (inayosikia moteri ikigonga), ule uliofichwa chini ya kolekta ya hewa, yaani mabomba ya kuingizia hewa. Kupaka seramiki nako vivyo hivyo: kwangu ndiyo dawa bora kuliko zote, haishiki maji, lakini vipande vinatolewa vyote na kutumwa kwa watu wenye tanuru yake.

Z_wa_BelAir

Aksanti sana. Nimelala chini ya gari: kava la chini hakuna, bati ya upande wa kulia hakuna, sponji hakuna. Ventilateri inakataa vizuri. Sasa nitajuaje kama kinga zimesaidia? Niko na kile kipimajoto cha kuelekeza mwanga.

Ruzizi_GT (Bukavu)

Kitakudanganya kwenye chuma kinachong'aa, kitasoma chini kuliko ukweli. Paka doa la rangi nyeusi ya moto pale unapopima, upime hapo hapo kila mara. Bora zaidi, funga sonda ya joto ya bei rahisi kwenye reli ya injekteri na usome baada ya kuzima. Joto linaendelea kupanda wakati gari imesimama, kwa hiyo subiri dakika kumi na tano hivi kabla ya kuandika.

Na kofia ya radiateri? Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96. Kofia nzima ya mgandamizo wa baa 0.9 inapeleka hadi karibu 116. Ikiwa mpira wake umekufa, unaendesha bila akiba yoyote.

Z_wa_BelAir

Kofia nitabadilisha, haina gharama. Basi: kava, sponji na bati za Mama Toli kwanza. Matundu baadaye, nikishafanya ile ya uzi, nimeona mwingi soko la Kenya hapa Lubumbashi. Swali la mwisho: mvua za mwezi wa kumi na mbili zitaingia kwenye matundu?

Mama_Toli (Kamalondo)

Zitaingia. Bobini zako (koili za kuwashia) zimekaa moja moja juu ya kila silinda, na maji yakijaa kwenye mashimo ya buji (plagi) moteri itakohoa. Chini ya kila tundu nitakuwekea kijisahani cha alumini chenye mdomo pembeni, maji yateremke kando ya radiateri. Hewa inazunguka ukingo wake inatoka, ukiacha sentimita tatu. Leta kapo siku usiyohitaji gari, na usiipake rangi kabla sijamaliza.